Santuri Aliyoichoma Mwalimu wa Kwaya

Namshukuru Mungu kwa watu wengi alionipa njiani, na Mwalimu wa Kwaya ni mmoja wao, ila kwake yeye shukrani yangu ilichukua muda mrefu na ilipita kwenye meno yaliyokazwa. Sijaona mtu mwingine mwenye hakika kiasi kile. Mvua ikinyesha, alikuwa amekwisha kuisema. Padri akihamishwa, alikuwa anajua. Mtoto wa jirani akishindwa mtihani wa mwisho, Mwalimu alikuwa ameona dalili tangu mtoto huyo akiwa mgongoni mwa mama yake. Na kila mara alifunga habari kwa maneno yaleyale, akiinua kidole kimoja kama anayengoja sauti ya kwanza iingie: "Mi nilisemaka ile tangu zamani."

Jina lake sitalitaja. Watu wa Bulengera, mtaa wetu wa Butembo huku mashariki ya Kongo, wenye umri wangu watamtambua kabla hawajafika katikati ya habari hii, na hilo halinisumbui. Yeye mwenyewe ameniruhusu niandike, kwa sharti hilo la jina tu.

Ukitaka kumjua, usianze na nyimbo za kanisa, ingawa amewafundisha watu mamia. Anza na santuri moja ya muziki wa roki.

Mfanyabiashara wa kahawa, Mgiriki, alipofunga nyumba yake na kuondoka Butembo, aliacha vitu ambavyo havikupata nafasi kwenye gari, na kati ya hivyo kulikuwa na mashine ya santuri pamoja na santuri hiyo moja. Mwalimu, ambaye wakati ule hakuwa bado mwalimu wa kitu chochote, alivipata kwa kumsaidia kufunga masanduku. Jaladani kulikuwa na picha ya daraja katika mvua, na chini yake Wazungu wanne wenye nywele ndefu, wamesimama kama watu walioachwa na basi. Tulikuwa vijana watatu tulioipenda: yeye, mimi, na rafiki yetu nitakayemwita Mpiga Gitaa, kwa kuwa alijifunza kupiga gitaa kwa kuisikiliza santuri hiyo, kidole kwa kidole, bila mwalimu.

Tulikutana Jumapili baada ya misa, katika chumba nyuma ya duka la mjomba wa Mwalimu, saa ambazo jenereta ya duka ilikuwa inafanya kazi. Mle ndani kulikuwa na amri. Sindano aliishika yeye peke yake. Vumbi alilifuta kwa kitambaa cha kitani, na hatukuuliza alikitoa wapi. Hakuna aliyeruhusiwa kufungua kinywa mpaka upande mmoja uishe, na ukiisha, aliongea yeye. Katika miaka yote ile hakutuuliza hata mara moja tumeonaje. Alitueleza tulivyoona.

Nyimbo zilikuwa za Kiingereza, na Kiingereza hakuna kati yetu aliyekijua, kwa sababu shuleni tulisoma Kifaransa. Jambo hilo halikumzuia kutafsiri. Upande wa kwanza ulifunguliwa na wimbo wa kelele, wenye ngoma nzito na gitaa linalolia kama bati likipasuliwa, naye alisema unamhusu kijana aliyeiba pikipiki. Upande wa pili ulifungwa na wimbo wa polepole, mrefu, wa sauti ya chini. Huo alisema unahusu kifo cha mbwa, na mara nyingi aliinua sindano kabla haujaisha. "Hii ni ya bamasista bazee," alisema, na sisi tulicheka kwa sababu ndivyo alivyotaka.

Hiyo ilikuwa imani yake akiwa na miaka ishirini: wimbo wa kelele ndio santuri nzima, na mengine ni ya kujaza.

Alipofika thelathini alikuwa amepewa kwaya ya parokia, amejiunga na kikundi cha sala, na imani ikawa nyingine. Sasa wimbo wa kelele uliita mashetani. Kijana wa pikipiki alikuwa amesahaulika, na mahali pake alisimama Lusifa mwenyewe. Aliwaambia waimbaji kwamba ukiizungusha santuri ile kinyumenyume utasikia jina la mwovu likitajwa waziwazi. Nilimuuliza kama amewahi kuizungusha hivyo. Alinijibu kwamba mtu haonji sumu ili ajue ni sumu.

Akiwa na miaka arobaini na mitano alisema hakuna shetani yeyote mle, kuna watoto wanne wasiojua muziki, na aliyejua kazi yake ni mpiga ngoma tu. Kwenye hamsini hata mpiga ngoma alifukuzwa. Alipopita sitini, wimbo wa polepole, ule wa mbwa na masista wazee, ukafufuka. Ukawa ndio kito. Ukawa unahusu mama anayemngoja mwanawe. Akasema mtu asiyeuelewa hajazeeka vizuri, na kwamba yeye aliona thamani yake siku ya kwanza kabisa, wakati mimi na Mpiga Gitaa tulikuwa tunarukaruka kama mbuzi.

Kwa kubadilika simlaumu. Nimekuwa katekista zaidi ya nusu ya maisha yangu, na kama watu wasingebadilika ningekuwa nimefanya kazi bure. Toba yenyewe ni kubadilika. Lakini toba huanza na neno "nilikosa", na neno hilo Mwalimu hakulijua kuliimba kwa sauti yoyote kati ya zile nne alizofundisha. Kwake yeye, mawazo ya leo yalikuwa mawazo ya tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Waliokuwa wamebadilika ni sisi.

Na kuna jambo linalonifanya nicheke mpaka leo, kicheko kisicho kizuri. Imani hizo zote za baadaye, ya arobaini na mitano, ya hamsini, ya sitini, alizipata bila kuisikia santuri. Haikuwepo tena. Ilikuwa imevunjwa siku nyingi, na namna ilivyovunjwa ndiyo sababu hasa ya mimi kuandika.

Mwaka ule aliopewa kwaya, wakati wa Kwaresima, kikundi cha sala kilifanya mafungo, na mwishoni watu waliambiwa walete vitu vya dunia vichomwe mbele ya kanisa. Wengine walileta hirizi, wengine picha, mwanamke mmoja alileta mkorogo wake wa kung'arisha uso. Mwalimu alileta santuri. Alitembea nayo polepole toka mlangoni, ameiinua kwa mikono miwili kama Injili, daraja na Wazungu wanne wakitazama watu, akaitupa motoni. Watu waliimba. Wengine walilia.

Mimi nilikuwa nimesimama upande wa upepo. Jalada liliungua kwanza, kisha santuri ikajikunja, na nikaona karatasi ile ya duara ya katikati kabla haijashika moto. Ilikuwa nyekundu. Santuri yetu ilikuwa na karatasi ya bluu. Nyekundu ilikuwa ya santuri ya nyimbo za Bikira Maria, mali ya parokia, ile iliyopigwa kwenye kipaza sauti cha mnara kila Jumapili kabla ya misa ya kwanza. Nilijiambia ni moshi machoni.

Haukuwa moshi. Mwalimu alikuwa amebadilisha majalada. Alishindwa kuiunguza santuri yake, akaificha mahali ambapo hakuna mtu angeitafuta: ndani ya jalada la Bikira, katika kabati la sakristia, ambalo ufunguo wake aliushika yeye. Kuanzia siku hiyo kipaza sauti cha mnara kilinyamaza asubuhi. Aliwaambia watu mashine inahitaji kutengenezwa. Alichosahau ni kwamba Padri naye alikuwa na ufunguo.

Ikafika sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni. Wageni walikuja kutoka mbali, hata Lubero. Mwalimu alichelewa kwa sababu tairi ya baiskeli yake ilitoboka njiani, na Padri, aliyekuwa mtu wa saa, alikwenda mwenyewe kabatini, akatoa jalada lenye picha ya Bikira, akaweka santuri, akawasha ajaribu kama mashine imepona. Nadhani hakuna nyumba Bulengera ambayo haikusikia. Ngoma zilitoka mnarani, halafu gitaa lile la bati. Watoto walianza kucheza palepale. Bibi mmoja alipiga magoti, akidhani ni mwisho. Padri alikuwa anatafuta kitufe cha kuzima, na kwa woga aliongeza sauti.

Katika uwanja mzima mtu mmoja tu alikuwa anatabasamu. Mpiga Gitaa alikuwa hajasikia wimbo ule tangu Kwaresima, alidhani umekuwa majivu, na sasa ulikuwa unamshukia kutoka mbinguni. Vidole vyake vya kushoto vilikuwa vinatembea hewani, vikifuata gitaa bila yeye kujua. Mwalimu aliingia uwanjani akisukuma baiskeli, akaona watu, akaona Padri akitoka na santuri mkononi, akaona vidole vile, ambavyo bado vilikuwa vinatembea. Akamnyooshea kidole. "Ni yeye," alisema. "Mi nilisemaka tangu zamani, huyu kijana ataletea parokia aibu."

Padri aliivunja santuri kwenye goti lake. Mpiga Gitaa aliondolewa kwenye kwaya mchana uleule, pamoja na gitaa lake. Alikataa, alieleza, na jinsi alivyoeleza zaidi ndivyo alivyoonekana mwongo, kwani nani mwingine alitabasamu? Mama yake ndiye aliyekuwa anafua na kupiga pasi vitambaa vya altare, kwa hiyo watu walisema njia ya kuingia sakristia aliipata kwake. Jumatatu alirudisha pasi ya parokia, akahama benchi la mbele, akakaa la mwisho karibu na mlango mpaka alipokufa. Mpiga Gitaa aliamua kuondoka. Alikwenda upande wa Mabalako, akalima, baadaye akapanda kakao, na kanisani huko aliketi kama mtu asiyejua muziki.

Nami nilikuwa nimeona karatasi nyekundu. Nilinyamaza, kwa sababu harusi yangu ilikuwa mwezi uliofuata na kwaya ndiyo ingeimba. Waliimba vizuri sana. Nimelitubu jambo hilo kwa padri, na baadaye nikamwendea Mpiga Gitaa mwenyewe shambani kwake, nikamwambia. Alinipa ndizi na maji. Akasema ananisamehe mimi, lakini mimi si yule aliyesema, na neno anataka kulisikia kwa yule aliyesema.

Ningependa kumaliza picha hii na mtu mbaya. Ingekuwa rahisi. Lakini mtu huyohuyo, wakati wa Ebola, watu walipokuwa wanazikwa na watu waliovaa nguo za plastiki na ndugu wanatazama kwa mbali, na waimbaji wote wameogopa, alikwenda peke yake. Alisimama nje ya kamba, kofia mkononi, akaimba sauti zote nne, moja baada ya nyingine, kwa watu ambao wengine hakuwajua hata jina. Nilikuwepo siku alipomwimbia mke wa ndugu yangu. Hakusema kwamba alilisema tangu zamani. Alivaa kofia yake akaenda kwenye kaburi lingine. Kwa hilo namshukuru Mungu bila kukaza meno, na ndilo lililonifanya nimngoje muda wote huu kwa yale mengine.

Sasa amezeeka, anaishi Beni, mtaa wa Bungulu, kwa binti yake anayeuza vitenge. Binti huyo alijifunza Kiingereza Kasese, Uganda, anakokwenda kununua bidhaa. Ni yeye aliyeitafuta santuri kwenye simu na kuipata, nyimbo zote, na picha ya daraja. Chini yake wazee wa dunia nzima wameandika maoni, naye alimsomea baba yake. Mmoja anasema alipokuwa na miaka kumi na sita aliruka wimbo wa polepole, na leo anaruka wa kelele. Mwingine anasema hivyohivyo, na mwingine. Kila mmoja anaandika kana kwamba yeye peke yake ndiye aliyepata mvi, na kwamba santuri ilikuwa inamngoja yeye akomae. Mwalimu alifurahi mno. Hatimaye alikuwa amepata kwaya ya watu wanaofanana naye.

Binti alimtafsiria pia wimbo wa polepole. Hauna mbwa wala mama. Ni mtu ambaye gari lake limeharibika barabarani, anahesabu taa za magari yanayompita. "Mi nilisemaka," Mwalimu alimwambia binti yake, "ile wimbo iko ya barabara."

Hayo binti yake alinisimulia kwa simu. Mwaka huu, kabla ya Pasaka, nilikwenda Beni kumwona dada yangu, nikasikia kwamba Mpiga Gitaa naye yuko mjini na kakao yake. Nilimkuta akianika kakao juu ya magunia. Nilimwomba twende Bungulu pamoja. Hakutaka. Nikamwambia Mwalimu amezeeka sana.

"Na miye niko kijana?" aliniuliza. Lakini alinawa mikono.

Tulimkuta Mwalimu barazani saa nane za mchana, simu imewekwa kwenye bakuli la bati ili sauti iongezeke, wimbo wa polepole unaendelea. Binti alituletea viti. Mwalimu alimtazama mgeni wake kwa muda, akamtambua, na kidole kikainuka chenyewe.

"Nilisemaka siku moja atafika," alisema.

Kisha akaanza kutueleza wimbo. Taa, barabara, upweke wa mtu. Kwamba gitaa la mle linahitaji mtu mzima, kwamba vijana hawawezi kulielewa, kwamba yeye alilielewa tangu chumba kile nyuma ya duka. Mpiga Gitaa alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti, mpaka wimbo ulipokwisha na simu ikanyamaza.

"Mwalimu," alisema, "ile disque, nani alitiaka mu jalada ya Bikira?"

Binti aliacha kumimina chai. Nilimwona Mwalimu akitafuta maneno yake ya kawaida, namna mtu anavyopapasa miwani mahali alipoizoea. Kidole kiliinuka kidogo. Kikashuka.

"Ni miye," alisema. "Na ile iliunguaka mu moto, ilikuwa ya Bikira."

"Mama yangu alikufa anawaza ni miye."

"Najua. Nilimuimbiaka siku ya kumuzika." Alikohoa. "Nilikuwa naweza kusema siku ile, mbele ya batu. Sikusemaka."

Nilingoja aongeze kitu: sababu, ujana, shetani, baiskeli. Namjua. Hakuongeza. Alikaa na mikono mitupu, na uso wake ulikuwa wa mzee wa kawaida, mtu ambaye ungempita barabarani bila kumjua.

"Bon," alisema Mpiga Gitaa. Alivuta kiti chake karibu na bakuli, akamgeukia binti. "Mama, tupigie ile ya kwanza. Ile ya kelele."

Binti alitafuta, akaubonyeza. Ngoma zilianza ndani ya bakuli, nyembamba, kama zinapigwa na wadudu, halafu gitaa. Mpiga Gitaa hakuwa amesikia wimbo ule tangu sikukuu ile ya Kupalizwa. Hakuwa na santuri, wala maoni ya Wazungu, wala mtu wa kumwambia umekuwaje. Aliubeba kama ulivyokuwa, mpaka Mabalako na kurudi. Vidole vyake vya kushoto, vyeusi kwa kakao hata baada ya kunawa, vilianza kutembea juu ya goti. Havikukosea hata mahali pamoja, kwa kadiri ninavyojua mimi. Mwalimu hakuvinyooshea kidole. Alivitazama toka mwanzo mpaka mwisho.

Wimbo ulipokwisha alifungua kinywa. Mimi na binti yake tulitazamana, tukijua kinachokuja.

"Weye," alimwambia Mpiga Gitaa, "unauona je?"

Mpiga Gitaa alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, kama mtu aliyeulizwa jambo zito kanisani.

"Uko na kelele mingi," alisema. Kisha akamwambia binti aurudishe mwanzo.